Raba za soli bapa kwa njia za mlimani: ununue nene au nyembamba?

Muuzaji wangu wa pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, ameshanizoea. Nikifika hahangaiki kunisifia rangi. Ananipa kiatu na kusubiri. Natoa soli ya ndani, naingiza kidole cha shahada mpaka kwenye kisigino, gumba nalibana chini ya soli kwa nje, naupima unene. Kisha nasogeza vidole vyote viwili hadi mbele, pale wayo unapokunjika, napima tena. Unene usipobadilika, nimepata nilichofuata: raba ambayo kisigino na vidole vinakaa kimo kimoja. Ukibadilika namrudishia, naye anachimbua nyingine kwenye lundo.

Wakimbiaji wanaziita raba za dropu sifuri. Dropu ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya mbele, inahesabiwa kwa milimita. Raba nyingi za kukimbilia barabarani zina dropu ya milimita 8 hadi 12, yaani umevaa kiatu chenye kisigino kilichoinuliwa hata kama kwa macho hukioni. Mimi nilihamia kwenye soli bapa kwa sababu ya kucha. Kila nikishuka kutoka Uru au Kibosho nilirudi nyumbani na kucha nyeusi, kwa kuwa kisigino kilinisukuma mbele na mbele kwenyewe kulikuwa kwembamba, vidole vinagonga ukuta kilomita nzima. Tangu nibadilishe, kucha zangu zimepona. Miguu yote haifanani na wa kwangu, ila hiyo ndiyo sababu yangu na sitaki kuificha.

Wenzangu tunaokimbia nao Jumamosi asubuhi wanaponiuliza, huwa hawaniulizi kama soli bapa ni nzuri. Wanauliza wanunue ipi. Na hapo ndipo watu wengi wanapoteza pesa, kwa sababu wanadhani zote ni kitu kimoja.

Sifuri si wembamba

Kwenye kila kiatu angalia namba tatu, na usiziache zikachanganyika kichwani. Ya kwanza ni dropu. Ya pili ni unene wa soli, yaani kutoka ardhini mpaka kwenye wayo wako kuna milimita ngapi. Ya tatu ni uzito. Kiatu kinaweza kuwa na dropu sifuri na bado kikawa na sponji nene ya milimita 33, kama ile Olympus ya kampuni ya Altra. Kingine kina dropu sifuri na ukikikunja kinajiviringisha kama chapati. Vyote viwili vinauzwa chini ya jina moja, na mguu ukiviingia unakutana na dunia mbili tofauti.

Kwa hiyo ukishaamua kwamba unataka sifuri, sifuri yenyewe haikusaidii tena kuchagua, maana zote zinayo. Kinachobaki ni unene, upana wa mbele, na meno ya soli. Katika hivyo vitatu, unene ndio unaoamua karibu kila kitu. Amua nene au nyembamba kwanza, majina baadaye.

Uzito nao una thamani yake. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kila gramu 100 unazoongeza kwenye kila mguu zinapandisha matumizi ya oksijeni kwa takriban asilimia 1. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walipolinganisha mwaka 2012 watu wanaokimbia peku na wanaokimbia na raba nyepesi, hawakuona peku ikiokoa nguvu yoyote. Kiatu chepesi kina faida, ila usifukuze gramu 30 ukaacha ulinzi unaouhitaji. Na uzito ulioandikwa kwenye boksi ni wa kiatu kikavu. Mwezi wa nne mwaka jana nilirudi kutoka Materuni mvua ikiwa imekata muda si mrefu, raba zimevaa ule udongo mwekundu unaong'ang'ania. Nikapita duka la jirani nikaomba mizani ya sukari. Kiatu kimoja, ambacho kikiwa kikavu kina kama gramu 300, kilisoma zaidi ya 500. Siku kama hiyo kinachokuokoa ni meno yaliyoachana vizuri, tope lidondoke lenyewe. Hizo gramu kumi ulizookoa dukani huzioni tena.

Katambuga tayari ni sifuri

Kabla sijagusa majina ya kigeni, chukua katambuga. Kipande cha tairi, gidamu tatu au nne, misumari. Kisigino hakijainuliwa hata milimita moja, mbele ni pana, vidole vinatawanyika vinavyotaka. Ng'ambo ya mpaka wanaziita akala. Mchungaji wa Kimaasai anatembea nazo kutwa nzima juu ya mawe na miiba, na soli ya tairi haichomwi na kitu. Ubaya wake kwa kukimbia ni uzito na ugumu: tairi halikunjiki pale wayo unapokunjika, na kwenye tope mguu unateleza ndani ya kiatu chenyewe. Ila mtu aliyekua na katambuga au peku akaendelea hivyo hadi leo, soli bapa kwake si jambo geni. Kano zake zinaijua kazi.

Shida ni sisi tulioacha. Ulikimbia peku hadi darasa la saba, halafu yakaja miaka ishirini ya viatu vya shule, vya ofisini, na raba zenye kisigino. Kano ya kisigino imezoea kukaa fupi. Usijidanganye kwamba utoto wa kijijini bado upo mguuni.

Na kuna hii imani kwamba Mwafrika kwa asili anatua kwa mbele ya wayo, kwa hiyo soli nyembamba ni haki yake ya kuzaliwa. Ilipata nguvu mwaka 2010 baada ya Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake kuchapisha utafiti uliohusisha vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya, waliozoea kukimbia peku: wengi walitua kwa mbele. Watu wakaishia hapo. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine walichapisha vipimo vya Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu ambao nao hawajazoea viatu, na kwa mwendo wa kawaida wa kukimbia wengi wao walitua kwa kisigino. Kasi, ardhi na mazoea vyote vina neno. Kwa hiyo usinunue kiatu chembamba kwa sababu ya kabila lako au bara lako. Nunua kwa sababu ya njia unayokimbia na hali ya miguu uliyonayo leo.

Njia yako inasema nini

Kwetu Moshi una aina tatu za ardhi ndani ya mwendo wa nusu saa, ndiyo maana ni mahali pazuri pa kujaribia viatu.

Juu, Uru na Kibosho na Marangu, ni vijia vya mashambani: kahawa, migomba, mifereji ya maji, mizizi, mawe yaliyofichwa na majani, mteremko mkali. Kiangazi ardhi ni ngumu na ina vumbi jekundu. Masika yakiingia inageuka sabuni.

Msitu wa Rau, chini kidogo ya mji, ni udongo laini na kivuli. Mizizi ipo, mawe ni machache. Hapo soli nyembamba inakupa raha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Unasikia kila kitu, mguu unajirekebisha wenyewe kabla hujafikiri.

Kisha tambarare ya kusini, ukielekea Kahe na mashamba ya miwa ya TPC. Njia zimenyooka, jua kali, na kuna mbigili na miiba ya migunga. Nilikwenda huko siku moja na raba nyembamba kabisa, nimejaa imani. Kilomita ya sita nikahisi kitu kama sindano ya moto chini ya kidole gumba. Nilikaa chini nikavua. Mwiba wa mgunga, mweupe, mrefu kama njiti ya kibiriti, ulikuwa umepita soli, umepita soksi, umeingia mguuni karibu nusu sentimita. Niliuvuta kwa meno kwa sababu vidole viliteleza kwa jasho. Nilirudi nikichechemea, na hospitali nikachomwa sindano ya pepopunda. Tangu siku hiyo sishuki Kahe na kiatu ambacho hakina kinga ndani ya soli. Kiatu hakikuwa kibovu. Kilitengenezwa kwa ardhi nyingine.

Ila soli nene nayo ina deni lake. Kadiri unavyokaa juu, ndivyo kiatu kikiegemea jiwe kinavyouzungusha mguu kwa nguvu zaidi, na sponji nene inalificha jiwe mpaka umeshalikanyaga. Nimeteguka kifundo mara mbili katika maisha yangu ya kukimbia, na mara zote mbili nilikuwa na kiatu kinene, nimechoka, nashuka. Na chembamba sijateguka hata mara moja, kwa sababu nacho sithubutu kukimbia ovyo.

Sasa majina

Nimezivaa baadhi, nyingine nimeziazima kwa wenzangu wenye namba ya mguu kama yangu. Vipimo vya unene na uzito vinabadilika kidogo toleo hadi toleo, na uzito ni wa kiatu kimoja cha kiume cha saizi ya kati.

| Kiatu | Unene | Uzito | Mbele |
|---|---|---|---|
| Altra Lone Peak | milimita 25 | karibu gramu 300 | pana sana |
| Altra Superior | milimita 21 | gramu 250–280 | pana |
| Inov-8 Terraultra G 270 | sponji ya milimita 12, bila kuhesabu soli na meno | gramu 270 | pana kiasi |
| Merrell Trail Glove | milimita 11–14 | chini ya gramu 250 | pana vidoleni, imebana katikati |
| Xero Mesa Trail | chini ya milimita 10 | karibu gramu 215 | pana |

Lone Peak ndiyo mlango ambao watu wengi wameingilia, na ninaipendekeza mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Jina ni la mlima ulioko Utah, Marekani, kampuni ilikoanzia. Mwanzilishi wake mmoja, Golden Harper, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la viatu la familia yao; akawa anazipasha raba moto kwenye oveni ndogo ya jikoni mpaka soli ziachie, anatoa sponji iliyozidi kisiginoni, anazirudishia. Ukiwahi kumwona fundi viatu wetu akichonga kisigino kwa kisu na kukisugua kwenye jiwe, umeelewa wazo lilipotoka. Mbele imechongwa kwa umbo la mguu: kidole gumba kinanyooka, hakisukumwi ndani. Kwa mtu ambaye miguu yake ilikua bila viatu, yenye vidole vilivyotawanyika, hii mara nyingi ndiyo raba ya kwanza maishani isiyomfinya. Ndani ya soli kuna bamba jembamba la kuzuia mawe, ndilo linalonipa amani ninapokanyaga miiba. Milimita 25 zinatosha kukimbia saa tatu bila nyayo kuwaka moto.

Kasoro zake? Kama una kisigino chembamba, mguu utacheza nyuma, na kwenye mteremko mkali utahisi kiatu kikizunguka kivyake. Kuna namna ya kufunga kamba kwa kitanzi cha juu kabisa inayopunguza hilo, ila haiondoi. Sponji ni laini, na vitu laini huchoka mapema. Na kwenye tope la Materuni meno yake yanafanya kazi ya wastani. Toleo la 9+ lina soli ya Vibram, kampuni inayotengeneza soli, inayoshika vizuri zaidi kwenye mawe yaliyolowa. Kama bei unaimudu, chukua hilo. Chukua bei ya kiatu kipya huko Marekani, ongeza usafirishaji na ushuru mpaka kifike huku, piga hesabu mwenyewe.

Superior ni mdogo wake. Milimita nne pungufu hazisikiki kama kitu zikisemwa, mguuni zinasikika. Unakaribia ardhi, kiatu kinakunjika, unageuka haraka. Kwa mtu aliyekwisha zoea Lone Peak na anataka wepesi kwa mbio za kilomita 10 hadi 21 za mlimani, ningemwelekeza hapa. Kwa anayeanza, hapana, asubiri.

Tahadhari moja kuhusu Altra: miaka hii ya karibuni wameanza kutengeneza raba za dropu ya milimita 4 pia, wale ndugu wa Experience na FWD. Jina la kampuni halitoshi tena. Inov-8 nao wana dropu za kila namna, Topo wana za sifuri, tatu na tano, na kwa Merrell karibu kila kitu nje ya familia ya Glove kina kisigino. Soma maandishi, au tumia gumba na shahada.

Terraultra G 270 ya Inov-8, kampuni ya Kiingereza, ilitoka mwaka 2020, na baadaye ikaitwa Trailfly G 270. Herufi G ni grafini, ile tabaka ya kaboni yenye unene wa atomu moja ambayo wanasayansi wa Manchester waliitenganisha mwaka 2004. Wameichanganya kwenye mpira wa soli ili idumu na iendelee kushika. Mimi si mkemia, nasema nilichokiona: jozi ya mwenzangu ina misimu miwili ya Kibosho na meno yake ya milimita 4 bado yanasimama. Sponji yake ni ngumu kidogo kuliko ya Lone Peak, na huo ugumu naupenda kwenye mteremko kwa sababu mguu hauzami. Haina bamba la mawe la kutegemea dhidi ya miiba mirefu. Kwa njia kavu, ya mawe na changarawe, ningeiweka ya kwanza katika orodha hii yote. Kwa masika, meno ni mafupi mno.

Merrell Trail Glove ni kongwe, ya kwanza ilitoka 2011, na jina linasema ukweli: inauvaa mguu kama glavu. Soli ya Vibram, sponji kidogo, na kinga nyembamba katikati ya wayo. Hii ndiyo raba yangu ya Rau. Ila jihadhari na upana. Vidoleni kuna nafasi, lakini katikati ya wayo inabana, na mtu mwenye mguu bapa au mpana atapata alama nyekundu kwenye uvungu wa wayo baada ya nusu saa. Mwenzangu mmoja aliipenda kwa macho, akailazimisha, akaishia kuigawa kwa mdogo wake. Kama una mguu mwembamba, hapa ndipo kwako, na Lone Peak itakuwa mashua.

Mesa Trail ya Xero, kampuni ya Colorado, ndiyo nyembamba kuliko zote hizi na ndiyo nyepesi kuliko zote. Inajikunja ukaiweka kwenye mfuko wa koti. Wanaiwekea soli yake ahadi ya maili 5,000, kama kilomita 8,000, na kwa kweli soli yenye sponji kidogo tu haina kikubwa cha kuchoka. Inalika tu polepole. Kwa matumizi ya kila siku, kutembea, mazoezi mafupi, kufundisha mguu, ni kiatu cha thamani. Kuikimbilia kilomita 20 za mawe inahitaji miguu iliyojengwa kwa mwaka au zaidi. Katika kundi letu watu wawili tu wanaweza, na mmoja wao ni mchungaji wa zamani.

Mashavu ya miguu ndiyo yatakayolipa

Kisigino kikishuka milimita 10, kano na mashavu ya miguu yanavutika zaidi kila hatua. Kilomita moja ya kukimbia ni karibu hatua elfu moja. Fanya hesabu.

Ningependa kila anayenunua kiatu chembamba ajue kilichotokea Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah. Utafiti wao uliochapishwa 2013 ulichukua wakimbiaji 36 waliozoea viatu vya kawaida, ukawahamisha 19 kwenye viatu vyembamba vile vya vidole vitano kwa wiki 10, polepole, kwa mpango. Picha za MRI zikaonyesha wakimbiaji 10 kati ya hao 19 wamepata uvimbe ulioongezeka ndani ya mifupa ya miguu, dalili kwamba mfupa umezidiwa. Na hao walikwenda polepole.

Utafiti mwingine, wa Luxembourg wa mwaka 2016, uliwafuata wakimbiaji 553 kwa miezi 6, wamegawiwa raba za dropu 10, 6 na 0 bila kuchagua. Kwa jumla majeraha hayakutofautiana. Lakini walipotenganisha watu, wale wanaokimbia mara chache waliumia zaidi wakiwa na dropu kubwa kuliko ndogo, na wale wakimbiaji wa kila wiki mambo yakawa kinyume: dropu ndogo iliongeza hatari. Nadhani maana yake ni nyepesi. Mkimbiaji wa kila siku anabadilisha kiatu lakini habadilishi kilomita zake, na mwili unachanika.

Kwa hiyo punguza kilomita, na sisemi kwa kunong'ona. Wiki mbili za kwanza tembea nazo tu: sokoni, kanisani, msikitini, kazini kama wanakuruhusu. Wiki ya tatu kimbia kilomita moja au mbili mara mbili kwa wiki, mwishoni mwa mazoezi, baada ya kuvua raba zako za zamani. Ongeza kidogo kila wiki. Kila jioni simama kwenye ngazi kwa mbele ya wayo, shusha visigino polepole, pandisha, mara 15, mizunguko mitatu. Uchovu wa mashavu ya miguu ni kawaida. Maumivu ya kano asubuhi unapokanyaga sakafu kwa mara ya kwanza si kawaida. Rudi nyuma wiki mbili. Maumivu ya nukta moja juu ya wayo, ambayo ukibonyeza kwa kidole unaruka, acha kukimbia na umwone daktari, maana mfupa unaweza kuwa umepata ufa.

Wapo wasiostahili kuingia kabisa kwenye soli nyembamba. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimeanza kufa ganzi, asiguse. Mwiba kama wangu asingeuhisi mpaka kidonda kioze. Mwenye kano ya kisigino inayouma miezi na miezi, atulie kwenye dropu aliyonayo hadi ipone. Na ndugu zetu wagumu wanaopandisha mizigo Kilimanjaro, ambao huniuliza mara nyingi kwa sababu raba hizi ni nyepesi: kwa kazi ile, kilo 20 mgongoni na mawe ya juu, chukueni buti au raba nene yenye soli ngumu. Soli bapa ivaeni siku za mapumziko.

Ukinunua mtumba

Wengi wetu tutazipata mitumbani, na hapo umri wa kiatu unajificha. Sponji inazeeka hata kiatu kisipovaliwa. Bonyeza ubavu wa soli kwa gumba: ikirudi taratibu na laini, ina uhai, ikiwa ngumu kama mbao, au ina mikunjo mingi midogo ya kulala, imekufa. Weka jozi juu ya meza bapa uangalie kwa nyuma. Kama kimoja kimeegemea ndani, mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na wewe utaurithi. Kikunje mbele usikilize gundi. Ikilia kama karatasi, joto la kontena limeshaiachisha, na itafunguka kwenye tope la kwanza. Gundi fundi anaitengeneza, na akishona ukingo wote kwa uzi kiatu kinaishi kuliko kilivyotoka kiwandani. Sponji iliyokufa hakuna fundi wa kuifufua.

Usimruhusu fundi akuchongee raba ya kisigino iwe bapa, labda kama ni kiatu cha kujaribia tu. Sponji za siku hizi zina tabaka, na ukikata kisigino mbele inabaki imeinuka kwa juu, unatembea kama unapanda kilima kisichoisha.

Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi utakazokimbilia. Acha nafasi ya upana wa gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si kile kikubwa. Toa soli ya ndani uisimamie: kama vidole vinamwagika nje ya ukingo wake, kiatu ni chembamba kwako hata kama dukani kinaonekana kizuri.

Ukiwa na pesa ya jozi moja, na njia zako ni mchanganyiko kama zetu, nunua Lone Peak na usiangalie nyuma. Ukimbiaji wako ukiwa juu ya mawe makavu na unataka kiatu kidumu, Terraultra. Mguu mwembamba na msitu laini, Trail Glove. Jozi mbili ukizimudu, nene ya Jumamosi ndefu na nyembamba ya katikati ya wiki, miguu itakushukuru kwa sababu haifanyi kazi ile ile kila siku. Mimi kwa sasa nina Lone Peak iliyoshonwa ukingo wote na fundi wa stendi, na Trail Glove ya Rau. Masika haya natafuta kitu cha tatu, chenye meno marefu na dropu sifuri, cha kule Materuni. Kila wiki napita Memorial kubana soli, na bado sijakiona.